Gesi ya ardhini, saratani ya damu, na uvumi unaotufukuza kisimani



Bila shaka umeisikia habari hii. Inasemwa kwenye foleni ya maji, inasemwa sokoni, na watu wakitoka ibadani wanaiendeleza njiani. Inasemwa kwamba ardhi tuliyopewa hapa Uganda inatoa gesi isiyoonekana, kwamba jina lake ni radoni, na kwamba ndiyo inayoleta saratani ya damu. Wengine wanaongeza kwamba gesi hiyo hupanda pamoja na maji ya pampu, hivyo ni afadhali kurudi kuchota bwawani kama siku zile tulipofika. Na wapo wanaosema kwamba mtoto akianza kupauka na kutokwa damu puani, hiyo ni gesi tayari, na gesi haina dawa, basi hakuna haja ya kupoteza siku nzima kwenye foleni ya kituo cha afya.

Sitaki kumcheka mtu yeyote anayeamini hayo. Radoni ipo kweli, na inaleta saratani kweli. Lakini habari inayotembea kambini imeshonwa kwa vipande vya vitambaa tofauti, na mambo tunayofanya kwa kuiogopa yanaweza kutuua mapema zaidi kuliko gesi yenyewe. Hayo ndiyo maoni yangu, na naomba unisikilize mpaka mwisho kabla ya kuyakataa.

Kwanza tujiulize kwa nini tumeamini haraka hivyo. Sisi tuliotoka upande wa Goma na Rutshuru tumekulia karibu na mazuku. Mama zetu walituonya: usishuke kwenye shimo lile asubuhi, usimfuate mbuzi bondeni kukiwa hakuna upepo. Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka chini kwa ajili ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia kwenye mabonde na mashimo, na mtu au mnyama akiingia humo hukosa hewa na kufa papo hapo. Tumeona mbuzi na ndege waliolala wamekufa bila jeraha. Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, na tena Mei 2021, watu waliambiwa wajihadhari na gesi pamoja na lava. Kwa hiyo mtu akija na kusema kuna gesi ya ardhini inayoua, sisi hatuhitaji kushawishiwa. Tunaijua.

Lakini radoni si mazuku. Mazuku humuua mtu leo, mahali pale pale, kwa kumnyima hewa. Radoni haimwangushi mtu yeyote siku hiyo. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho, haileti kikohozi cha usiku huo wala maumivu ya kichwa. Madhara yake, kama yapo, huja baada ya miaka mingi ya kuivuta. Mtu akikuambia kwamba jirani yake alivuta radoni Jumapili akaugua Jumatano, jua kwamba anazungumza juu ya kitu kingine.

Radoni inatoka wapi? Ndani ya udongo na mawe ya dunia nzima kuna urani kidogo, sehemu nyingine zaidi, sehemu nyingine kidogo mno. Urani hiyo huchakaa polepole yenyewe na kugeuka vitu vingine vinavyotoa mionzi. Kimojawapo ni radoni, ambayo kwa kuwa ni gesi, hupenya kwenye nyufa za udongo na kutoka juu. Nje, upepo huichukua na haina neno. Ndani ya nyumba iliyofungwa, au ndani ya shimo la mgodi, hujikusanya. Haikai muda mrefu: kila baada ya siku karibu 4, nusu yake huwa imekwisha kugeuka. Lakini inapogeuka huacha vumbi dogo sana lenye mionzi, na vumbi hilo ukilivuta hunata ndani ya mapafu. Mionzi yake haifiki mbali, hata karatasi inaweza kuizuia, ila ikiwa imekaa juu ya nyama laini ya pafu huiunguza mahali hapo hapo, siku baada ya siku.

Ndiyo maana saratani ya radoni ni saratani ya mapafu. Jambo hili halina ubishi. Mwaka 1879 madaktari wawili wa Ujerumani waliandika kwamba wachimbaji wa migodi ya Schneeberg walikuwa wakifa kwa saratani ya mapafu, na baadaye ikajulikana kwamba gesi ya mgodini ilikuwa na sehemu kubwa katika vifo hivyo. Mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka radoni katika kundi la vitu ambavyo bila shaka vinaleta saratani kwa binadamu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilieleza kwamba kati ya saratani 100 za mapafu, 3 hadi 14 husababishwa na radoni, kwa kutegemea nchi. Linashauri nyumba isizidi bekereli 100 kwa kila mita ya ujazo wa hewa, na ikishindikana kabisa, isipite 300. Bekereli ni kipimo cha mionzi, kama vile lita ni kipimo cha maji.

Na hapa kuna jambo ambalo wavutaji wa sigara hawapendi kulisikia. Mvutaji anayeishi na radoni yuko katika hatari ya saratani ya mapafu karibu mara 25 kuliko asiyevuta anayeishi na radoni ile ile. Kwa hiyo baba anayekaa mlangoni, sigara mkononi, akilalamika kwamba mashirika yametuweka juu ya gesi, aanze na mkono wake.

Sasa, saratani ya damu. Hii ni nini? Damu yetu hutengenezwa ndani ya mifupa, katika ute unaoitwa uboho. Saratani ya damu, ambayo madaktari huiita lukemia, huanza pale: chembe nyeupe zinazaliwa nyingi kupita kiasi na zikiwa mbovu, zinajaza nafasi, na chembe nyingine zinakosa mahali. Mgonjwa anapauka kwa kukosa damu nzuri, anatokwa damu ovyo, na anashindwa kupigana na maradhi madogo.

Je, radoni inaweza kufika kwenye uboho? Kiasi kidogo sana. Sehemu kubwa inabaki kwenye mapafu; kidogo huingia katika damu na kwenda kwenye mafuta ya mwili, yakiwemo yaliyo ndani ya uboho. Kwa sababu hiyo wanasayansi hawakulitupa swali hili, wamelichunguza kwa miaka zaidi ya 30. Mwaka 1995 zilikusanywa habari za wachimbaji zaidi ya 64,000 kutoka makundi 11 ya migodi katika nchi mbalimbali. Hawa walivuta radoni nyingi kuliko mtu wa nyumbani. Saratani ya mapafu ilikuwa wazi. Saratani ya damu haikuongezeka kadiri ya kiasi cha radoni. Mwaka 2006 utafiti wa wachimbaji wa urani huko Jamhuri ya Cheki ukasema kinyume, kwamba waliopata radoni nyingi waliugua lukemia zaidi. Kwa watoto, utafiti wa Denmark wa mwaka 2008 uliona uhusiano na aina moja ya lukemia. Lakini mwaka 2013 utafiti wa Uingereza, uliotazama watoto wagonjwa zaidi ya 27,000, haukuona uhusiano wowote na radoni, na wa Uswisi mwaka huo huo haukuuona pia.

Ukiniuliza mimi maana ya yote hayo, nitakujibu hivi. Kama radoni inaleta saratani ya damu, basi inaleta kidogo mno kiasi kwamba wataalamu wenye vipimo vya kila namna wanaitafuta na hawakubaliani kama wameiona. Jambo la namna hiyo si msingi wa kuhama nyumba, na kabisa si msingi wa kuhama kisima.

Lakini mbona watu wamezoea kuunganisha mionzi na saratani ya damu? Nadhani kipande hiki cha uvumi kimetoka mbali, na kwa bahati mbaya kinapita kwetu. Tarehe 6 Agosti 1945 Marekani iliangusha bomu la atomiki juu ya Hiroshima, Japani. Sehemu kubwa ya urani ya kazi ile ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa mikono ya Wakongo. Miaka michache baadaye, walionusurika walianza kuugua lukemia, hasa waliokuwa watoto, na ugonjwa ulifikia kilele mwanzoni mwa miaka ya 1950. Habari hizo ni za kweli. Ila mionzi ya bomu ilikuwa ya aina nyingine: inapenya mwili mzima mara moja, ngozi, nyama na mfupa, mpaka ndani ya uboho. Mionzi ya radoni inaishia kwenye pafu. Zote mbili zinaitwa mionzi, kama mshale na sindano vyote vinavyochoma, lakini havifiki mahali pamoja.

Hapa niseme neno kwa ndugu waliowahi kuchimba Katanga, maana wapo miongoni mwetu. Shinkolobwe ilikuwa imefungwa rasmi, lakini watu waliingia kuchimba kobalti kwa mikono. Januari 2004 Rais Joseph Kabila alitoa amri ya kuufunga mgodi huo, na Julai mwaka huo huo sehemu yake iliporomoka na kuua watu. Kama uliwahi kufanya kazi kwenye mashimo ya namna hiyo, radoni inakuhusu zaidi kuliko mtu mwingine yeyote hapa kambini. Mwambie daktari kazi uliyofanya na kwa miaka mingapi. Kikohozi kikizidi wiki 2 nenda ukapimwe kifua kikuu kwanza, kwa sababu hicho ndicho kinachopatikana zaidi na kinatibika. Kisipokuwa kifua kikuu, na kikohozi hakiishi, au unatema damu, usikubali kurudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu peke yake. Omba picha ya kifua. Na sigara, ndugu yangu, kwako wewe ni marufuku.

Turudi kwenye nyumba zetu. Katika nchi za baridi, radoni ni tatizo kwa sababu nyumba zimefungwa miezi mingi, zina vyumba vya chini ya ardhi, na joto la ndani huvuta hewa ya udongoni ije juu. Sisi mlango uko wazi tangu alfajiri, na kati ya ukuta na paa kuna nafasi ambayo paka anapita. Hewa inabadilika. Lakini sitasema nyumba zetu hazina radoni. Nyumba ya udongo yenye sakafu ya udongo, isiyo na dirisha hata moja, mlango umefungwa kwa hofu ya wezi, inaweza kukusanya zaidi ya unavyofikiri. Dawa yake ni dirisha. Hata dogo la kiganja mara mbili, moja upande huu na jingine upande ule, chini ya paa, ili upepo upite. Wewe unayeishi chini ya turubai, ile tunayoita shitingi, inua pindo mchana.

Na dirisha hilo litakufaa zaidi kwa gesi nyingine ambayo haitajwi sana kwenye foleni ya maji. Msimu wa mvua jiko la makaa huingizwa ndani, mlango unafungwa, watoto wanaota moto wanalala. Makaa yanayowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Nayo haina harufu wala rangi, na nayo huua kimya kimya, lakini kwa usiku mmoja. Halafu kuna moshi wa kuni, ambao unaonekana vizuri kabisa na kwa hiyo hatuuogopi. WHO ilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa kupikia majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Mtoto anayelelewa ndani ya moshi yuko katika hatari karibu mara mbili ya kupata nimonia. Kama unataka kuigombeza gesi, mama, anza na hiyo. Pika nje pale mvua inaporuhusu, na jiko lisilale ndani na watu hata siku moja.

Jambo la kisima ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ni kweli kwamba maji ya chini ya ardhi yanaweza kuwa na radoni zaidi ya maji ya mto au bwawa. Lakini ukiyapampu, ukiyamimina kwenye dumu, ukiyatikisa njiani, ukiyachemsha, gesi hutoka na kwenda zake hewani. Inayobaki na kunywewa ina madhara madogo sana. Sasa pima hilo na maji ya bwawa. Kipindupindu kinaweza kumuua mtu mzima mwenye nguvu ndani ya saa chache asipotibiwa. Kuhara kwa kawaida kunawamaliza watoto wachanga kila mwaka, nasi tumewazika. Anayeacha pampu kwa kuogopa ugonjwa ambao huenda ungekuja baada ya miaka 20, akaenda kuchota maji wanamokunywa ng'ombe, amefanya hesabu mbaya. Na si yeye atakayeilipa, ni mtoto wake.

Nilisema tunaogopa kitu kisicho chake. Basi kuna kitu ambacho kinaleta saratani ya damu kwa uhakika, na kinauzwa kando ya barabara ya kambi kwenye chupa za maji na za soda. Ni petroli, au esansi kama tunavyosema Kongo. Ndani ya petroli kuna kemikali iitwayo benzini. Hii haina mjadala kama wa radoni. Miaka ya 1970 madaktari wa Istanbul, Uturuki, waliona mafundi viatu wanaugua lukemia mmoja baada ya mwingine. Gundi waliyotumia wakati ule ilikuwa na benzini, nao walifanya kazi kwenye vyumba vidogo visivyo na hewa. Benzini hupitia pumuzi, hupitia ngozi, na inafika moja kwa moja kwenye uboho.

Tazama vijana wetu. Anachukua mpira, anauweka kwenye dumu, anavuta kwa mdomo mpaka petroli ije, mara nyingine anaimeza, anatema, anacheka. Anafanya hivyo mara kadhaa kwa siku, kila siku. Jioni ananawa mikono yenye grisi kwa petroli hiyo hiyo. Usiku dumu linalala chini ya kitanda, kwa sababu nje litaibiwa. Kaka yangu, huyo ndiye mtu ambaye saratani ya damu inamhusu, kuliko bibi anayeishi kwa amani juu ya udongo wake. Sikuambii uache biashara, najua posho haitoshi na watoto wanataka daftari. Nakuambia: nunua pampu ya mkono, ile ya kuminya, au weka dumu juu ya meza na utumie bomba lenye kifungio ili mafuta yashuke yenyewe. Uza ukiwa nje, penye upepo. Nawa kwa sabuni. Jenga kibanda kidogo cha kufunga kwa kufuli kando ya nyumba, dumu likae humo. Na chupa ya petroli isifanane na chupa ya mtoto ya kunywea. Ajali za namna hiyo hazihitaji miaka 20.

Nimalizie na watoto, maana kwao ndipo uvumi huu unapouma zaidi. Mtoto akipauka, mara nyingi si saratani. Ni malaria, ni minyoo, ni chakula kisichotosha, au ni ugonjwa wa seli mundu, wale tunaowaita watoto wa SS. Yote hayo yana vipimo na yana msaada. Kumpa mtoto jina la gesi kabla hajachomwa kidole kutoa tone la damu ni kumhukumu bila kesi.

Lakini saratani za damu na za tezi kwa watoto zipo, na moja yake ni ya kwetu hasa. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya unaowapata watoto wa Afrika ya joto. Leo unaitwa kwa jina lake, uvimbe wa Burkitt. Ni saratani ya chembe nyeupe, inayowapata hasa watoto wa kati ya miaka 4 na 9. Hauletwi na gesi. Unahusiana na kirusi ambacho karibu sisi sote hukipata utotoni bila kujua, pamoja na malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara na kuuchosha ulinzi wa mwili wake. Ndiyo sababu chandarua ulichopewa, ambacho wengine wamezungushia bustani ya mchicha, kina kazi hata katika habari hizi za saratani.

Uvimbe wa Burkitt ni miongoni mwa uvimbe unaokua haraka kuliko mwingine wowote wa binadamu. Chembe zake zinaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Jumatatu ni kama jino linauma, Jumatatu inayofuata uso umebadilika. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ya kukua haraka, dawa huushika vizuri. Katika nchi tajiri karibu watoto 9 kati ya 10 wanapona. Kwetu Afrika ni wachache zaidi, na sababu kubwa ni kuchelewa kufika na kuacha matibabu katikati. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoko Mulago, ilianza mwaka 1967 kama kituo cha kutibu uvimbe huu huu. Maana yake ni kwamba tuko katika nchi inayoujua.

Kwa hiyo, mzazi, usimngoje mjumbe wa uvumi akuambie. Mpeleke mtoto ukiona taya au shavu linavimba na meno yanalegea, au jicho linatokeza. Tumbo linajaa upesi. Homa inarudi hata baada ya dawa ya malaria. Ufizi au pua zinatoka damu bila kuumizwa. Madoa ya damu chini ya ngozi. Tezi za shingoni zinakua bila kuuma. Au mtoto anayetembea anakataa kutembea kwa maumivu ya mifupa. Ukiambiwa ni malaria, ukatumia dawa yote, na wiki ikaisha bila nafuu, rudi. Sema: nilikuja tarehe fulani, nikapewa dawa fulani, hali ni ile ile. Beba ule mfuko wenye karatasi zako zote.

Najua mtakachosema. Mtasema rufaa ya kwenda Kampala haipatikani kirahisi, na ni kweli. Katika huduma za wakimbizi, magonjwa ya gharama hupitiwa na kamati, na kamati hiyo hutazama mambo mawili hasa: matumaini ya kupona na gharama. Mimi sifurahii utaratibu huo, kwa kuwa hakuna mzazi anayependa mtoto wake awekwe kwenye mizani na fedha. Lakini maadamu ndio uliopo, tuujue. Mtoto anayefika na uvimbe mdogo ana matumaini makubwa na matibabu mafupi, na hoja yake mbele ya kamati ni nzito. Mtoto yule yule akifika baada ya miezi 2 ya kunyweshwa mizizi kwa sababu jirani alisema ni gesi, hoja yake imekwisha pungua, na si kwa kosa lake.

Na mashirika nayo yasikilize, maana uvumi haukui mahali penye habari. Kipimo cha radoni ni kidude kidogo cha plastiki kinachotundikwa ndani ya chumba kwa miezi kama 3 kisha kinapelekwa maabara. Si kitu cha ajabu. Kitundikwe katika nyumba chache za udongo, katika chache za shitingi, katika wodi na katika darasa moja lenye sakafu ya saruji. Maji ya kila pampu yanapimwa na wataalamu wa maji. Matokeo yake hubaki kwenye mafaili ya ofisini, kwa Kiingereza. Yaandikwe kwa Kiswahili na lugha nyingine zetu, kwa herufi kubwa, yabandikwe kwenye uzio wa kila pampu pamoja na tarehe ya kupimwa. Mama mwenye dumu lake asome mwenyewe akiwa kwenye foleni, na asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake.